USIA KWA VIJANA: Mtihani wa Kazi ya Shirika



Mwezi uliopita alinijia kijana niliyemsomesha chuoni, ambaye leo ni mtengenezaji wa programu za kompyuta. "Maalim," akaniambia, "nimeanguka mtihani, na ada niliyopewa na baba imepotea." Nikamwuliza alisoma vipi. Akajibu kuwa alinunua karatasi za maswali na majibu, akazihifadhi zote kama alivyohifadhi Juzuu Amma utotoni.

Mtihani huo huitwa Professional Scrum Developer, nao hutolewa na Scrum.org ya Marekani kwa njia ya intaneti. Maswali ni 80 na muda ni dakika 60. Basi kila swali lina sekunde 45 tu. Kufaulu ni asilimia 85, yaani majibu 68 yaliyo sawa. Ada ni dola 200 za Kimarekani, na anayerudia hulipa tena.

Nilimtaka anifasirie kitabu cha mtihani huo, kilichoandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Nakala yake ya mwaka 2020 ni kurasa chache, tena ni bure. Nikaona kuwa kinachofundishwa humo ni adabu ya watu kufanya kazi pamoja. Kazi hukatwa mafungu yasiyozidi mwezi mmoja, na kila fungu huitwa sprinti. Kila siku watengenezaji hukutana dakika 15 kutazama waendako. Sprinti ikimalizika huonyesha walichotengeneza, kisha hukaa wao kwa wao kutafuta vipi watafanya vyema zaidi. Wala kazi haihesabiwi imekwisha mpaka itimize masharti waliyoafikiana. Juu ya hayo, mtihani huuliza namna ya kuijaribu programu na kuiunganisha na kazi za wenzako.

Nikamwambia: "Mwanangu, kuhifadhi si kosa. Kosa ni kuhifadhi jibu la swali usilolifahamu. Likigeuzwa neno moja, umepotea. Na lau ungalifaulu hivyo, wenzako kazini wangalikutegemea kwa jambo usilolijua, na hasara ingalikuwa yao."

Basi enyi vijana, mwenye kuutaka mtihani huu na akisome kitabu hicho mara nyingi, mpaka aweze kumweleza mwenziwe bila ya kukitazama. Kisha na atafute wenzake wawili au watatu, watengeneze programu ndogo kwa sprinti ya wiki mbili, waonje wenyewe taabu ya kuafikiana. Halafu afanye mitihani ya mazoezi isiyolipiwa, na kila alipokosea ajiulize kwa nini. Hapo ndipo alipe ada.

Nanyi wazazi, msiwaharakishe. Cheti cha haraka huweza kuwagharimu mara mbili.

Kijana wetu sasa anasoma pamoja na wenzake wawili. Ada ya pili hajailipa, wala hana haraka ya kuilipa. Tunamwombea tawfiki.