Chupa za jikoni zinapohamia maabara

Wazazi wengi wenye watoto wa sekondari wameshalisikia ombi hili: mwalimu wa kemia anataka chupa tupu za jemu. Wengine hucheka, wengine hudhani mtoto ana lake. Kumbe ombi ni la busara. Vyombo vya kioo vya maabara ni ghali na mikono ya wanafunzi inateleza. Shule ikitumia chupa ya jemu badala ya bika kuyeyushia chumvi au kuchujia maji machafu, fedha inabaki kwa ajili ya bureti na pipeti, ambazo vipimo vyake havina mbadala jikoni.

Inayofaa zaidi ni chupa ya kioo yenye mdomo mpana na mfuniko, iliyooshwa kwa sabuni na kubanduliwa lebo yote. Kipira cha kudondoshea dawa ya matone nacho kisitupwe. Ila chupa hizo haziwekwi motoni. Kioo cha kawaida hupasuka joto likibadilika ghafla, tofauti na kile cha maabara. Sufuria ya alumini nayo isikutane na kostiki soda, kwani hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi.

Chupa ya soda au ya maji ya kunywa ni habari nyingine. Kuikata ile ya plastiki iwe faneli, sawa. Kuhifadhia kemikali, hapana, hata iandikwe kwa wino mwekundu. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, anaangalia umbo la chupa. Ndivyo watoto wanavyokunywa mafuta ya taa majumbani.

Kwa hiyo mzazi anayetoa chupa zake ana haki ya kumuuliza mwalimu: kemikali zinahifadhiwa kwenye nini, na chupa zikishatumika zinakwenda wapi? Iliyoingia maabara hairudi jikoni, hata ing'ae vipi, hata kama mama alikuwa akiitamani kwa achari yake.

Ikitokea mtoto amekunywa tindikali, kostiki soda au mafuta ya taa, asitapishwe. Kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa huweza kuingia kwenye mapafu anapotapika. Akimbizwe hospitali, na chupa yenyewe ibebwe ili daktari ajue alichokunywa.