Adabu ya kubisha hodi katika zama za simu

 

Ndugu Waislamu, siku hizi si ajabu katika nyumba zetu kusikia adhana ikitoka katika simu. Baba huitazama ajue kama Alasiri imeingia, mama huisomea Kurani, na kijana aliye safarini huitumia kutafuta kibla. Hii ni neema, na anayeikejeli hajui uzito wa kuwa ugenini bila ya mtu wa kumuuliza. Lakini kila neema ina hesabu yake. Leo tumekusudia kulitazama swali moja ambalo familia nyingi hazijajiuliza: programu hizi zinapotuomba ruhusa ya kujua tulipo, zinahitaji kujua kiasi gani, na kinachochukuliwa kinaishia wapi?

TUKIO LA MWAKA 2020

Mwezi Novemba 2020, jarida la Motherboard la Marekani lilichapisha uchunguzi uliowashitua Waislamu wengi duniani. Ulihusu Muslim Pro, programu ya nyakati za Swala na kibla iliyotengenezwa na kampuni ya Bitsmedia ya Singapore, ambayo wakati huo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu hiyo ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali alipo mtumiaji kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode. Kampuni hiyo nayo ilikuwa ikiwauzia wateja mbalimbali, wakiwemo wakandarasi wa ulinzi, na kupitia kwao taarifa hizo zikaweza kulifikia jeshi la Marekani.

Biashara hii huendeshwa hivi. Dalali wa taarifa humpa mwenye programu kipande cha programu kilicho tayari, akipachike ndani ya kazi yake, na humlipa kwa hilo. Tangu hapo, kila simu yenye programu hiyo humpelekea dalali mahali ilipo, saa na dakika, aina ya simu, hata jina la mtandao wa Wi-Fi iliyounganishwa nao. Jina la mtu huenda lisiwemo. Lakini simu inayolala kila usiku katika nyumba moja, na kila Ijumaa adhuhuri ikawa katika msikiti mmoja, mwenyewe ni nani kama si fulani bin fulani?

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Wenye Muslim Pro walikanusha kwamba waliliuzia jeshi taarifa za watumiaji wao, na katika siku chache walitangaza kukata uhusiano na X-Mode na washirika wengine wa aina hiyo. Desemba 2020, Apple na Google waliwaamuru watengenezaji wa programu kukiondoa kipande cha X-Mode. Hata hivyo mambo hayakuishia hapo. Januari 2021 jarida hilo hilo liliripoti kwamba programu nyingine ya nyakati za Swala, Salaat First, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali kwa dalali wa Ufaransa aitwaye Predicio.

TUSIDHANI, WALA TUSIPUUZE

Mbele ya habari kama hii watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema programu hizi zilibuniwa na maadui ili kutupeleleza. Tunawakumbusha ndugu zetu hao kwamba aya ya 12 ya Surat al-Hujurat, inayokataza kupelelezana, huanza kwa kutuonya dhidi ya kudhaniana. Ushahidi uliopo unaonyesha biashara, tena biashara isiyochagua dini. Desemba 2019 gazeti la New York Times lilieleza kwamba limepata faili moja lenye vituo zaidi ya bilioni 50 vya mahali, kutoka katika simu za Wamarekani zaidi ya milioni 12. Na Januari 2018 ilibainika kuwa ramani iliyotolewa na programu ya mazoezi ya Strava ilionyesha njia walizokimbia askari wa Marekani ndani ya kambi zao za ng'ambo. Aliyedhaniwa kuwa ndiye mpelelezi, naye alikuwa akianikwa na simu yake mwenyewe.

Kundi la pili husema: "Sisi hatuna cha kuficha." Kauli hii inasikika kama ya mtu mwema, nayo inahitaji kujibiwa kwa utaratibu.

HAJA NA KIASI CHAKE

Wanazuoni wa fikihi wana msingi unaofahamika: kinachoruhusiwa kwa sababu ya haja huruhusiwa kwa kiasi cha haja hiyo, wala hakipiti hapo. Tuipime programu ya Swala kwa mizani hii.

Dunia huzunguka nyuzi moja kwa kila dakika nne, na karibu na Ikweta nyuzi moja ni kilomita 111 hivi. Maana yake, mtu akihama kilomita 28 kwenda mashariki au magharibi, nyakati zake za Swala hubadilika kwa dakika moja tu. Kuhusu kibla, Makka ipo karibu na longitudo ya nyuzi 39.8 mashariki, Mombasa 39.7 na Dar es Salaam 39.3. Kwa hiyo kwa watu wa mwambao wetu kibla ni kaskazini, karibu sawasawa. Wazee wetu waliojenga misikiti ya mawe Kilwa na Kizimkazi karne nyingi zilizopita walielekeza mihirabu huko bila ya kumweleza mtu wanalala nyumba gani.

Basi ili kujua Magharibi inaingia saa ngapi, programu inahitaji kujua mji. Haihitaji mtaa, wala nyumba, wala hospitali aliyokwenda mkeo jana, wala kuendelea kufuatilia simu ikiwa imefungwa na mwenyewe amelala. Kila kilichochukuliwa zaidi ya mji hakikuchukuliwa kwa ajili ya Swala.

JE, TULIWAPA IDHINI?

Watatetea kwamba mtumiaji alibonyeza kukubali. Hapa ndipo kiini cha jambo. Surat an-Nur, katika aya ya 27, imetufundisha kutoingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yakaongeza kwamba mtu abishe hodi mara tatu, na asipopewa ruhusa arudi. Katika adabu hii yapo mambo matatu: mgeni hujitambulisha ni nani, hueleza shida yake, na mwenye nyumba ana uhuru wa kumkatalia.

Tuilinganishe na idhini ya kwenye simu. Aliyebisha ni programu ya Swala, lakini aliyeingia nyuma yake ni dalali ambaye mwenye nyumba hakumsikia jina. Shida iliyotajwa ni kibla, lakini shida yenyewe ilikuwa mauzo. Na maelezo yaliwekwa katika waraka mrefu wa kisheria, wenye lugha ambayo hata aliyesoma huchoka njiani. Fikihi yetu ya biashara imejengwa juu ya kuridhiana, na imekataza gharari, yaani mapatano ambayo upande mmoja haujui unatoa nini. Aliyekubali apewe saa ya Swala hakukubali kuuzwa nyendo zake. Tunasema wazi: kubonyeza kusikokuwa na ujuzi hakustahili kuitwa ridhaa.

Sasa tumjibu anayesema hana cha kuficha. Sitara haikuwekwa kwa ajili ya waovu. Sisi sote hufunga mlango tunapooga, na hakuna anayetuuliza tunaficha dhambi gani. Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali anayechungulia ndani ya nyumba ya mwenzake, bila ya kuuliza kama mwenye nyumba alikuwa akitenda maovu. Isitoshe, kilichokusanywa huweza kuibwa. Januari 2025, kampuni mama ya Gravy Analytics, mmoja wa madalali wakubwa wa taarifa za mahali, ilikiri kwamba wavamizi walikuwa wameingia katika hifadhi yake. Mwanamke aliyemkimbia mume mkatili, mgonjwa anayehudhuria kliniki kwa siri, mtoto anayepita njia moja kila siku kwenda madrasa: hawa hawana kosa, lakini wana haki ya kutojulikana walipo.

SHERIA ZIMEANZA KUAMKA

Januari 2024, Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilitangaza hatua ya kwanza ya aina yake, ya kuipiga marufuku X-Mode na mrithi wake Outlogic kuuza taarifa za mahali nyeti. Miongoni mwa mahali palipotajwa ni zahanati, nyumba za ibada na makimbilio ya waathirika wa ukatili wa majumbani. Huku kwetu, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na iliyounda Tume ya kuisimamia. Ni vyema Waislamu wazijue sheria hizi na wazitumie kulalamika pale wanapodhulumiwa. Lakini sheria huja nyuma ya mwizi, na mlango wa nyumba hufungwa na mwenye nyumba.

WAJIBU WETU

Kwanza, kila familia itenge jioni moja, wakubwa na wadogo wakae pamoja na kufungua mipangilio ya simu zao. Programu ya Swala ichaguliwe jina la mji kwa mkono, na ruhusa ya mahali iondolewe. Ikibidi kuiacha, iwe wakati wa kuitumia tu, na iwe ya makadirio badala ya mahali hasa. Simu za miaka ya karibuni huruhusu hivyo. Programu isiyotumika ifutwe. Vijana wetu wanazijua simu kuliko sisi, basi wapewe heshima ya kutufundisha.

Pili, tuanze na nafsi zetu. Misikiti, madrasa na jumuiya zetu hukusanya majina ya mayatima, namba za simu za wajane na picha za wanaopokea sadaka, kisha vikasambazwa katika makundi ya simu bila ya kuwauliza wenyewe. Hatuwezi kumlaumu dalali wa mbali ilhali sisi tunaianika amana ya jirani.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, tukubali kugharimia tunachokitaka. Zamani miji mikubwa ya Kiislamu ilikuwa na mtaalamu wa kupima nyakati za Swala aliyelipwa kutokana na wakfu. Ibn al-Shatir, mwanafalaki wa Damascus, alifanya kazi hiyo katika Msikiti wa Umayya, na mwaka wa 773 Hijria, sawa na 1371 hadi 1372 Miladia, aliutengenezea saa ya jua iliyosifika. Saa ile ilionyesha wakati wa Swala, wala haikumuuliza mtu ametoka wapi. Iliwezekana kwa sababu umma ulikuwa umekwisha kulipa. Leo tunataka programu za bure, na mwenye kuzitengeneza anakula kwa kutuuza. Wataalamu vijana wa Kiislamu wa kompyuta tunao, na wenye mali wanaojenga misikiti tunao. Tunawashauri wafikirie pia wakfu wa programu ya Swala kwa Kiswahili, isiyokusanya chochote. Thawabu ya anayemwongoza Muislamu kwenye wakati wa Swala bila ya kumdhulumu sitara yake si ndogo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, ahifadhi watoto wetu, na atujaalie kuwa wenye kutekeleza amana. Wabillahi tawfiq.