GARI LIKILALA GARAJI KULIKO NYUMBANI, TUACHE KUDANGANYANA



Leo sizungumzii jambo la mbali. Nazungumzia lile gari lililoegeshwa ukutani kwako, limewekewa jiwe nyuma ya tairi kwa sababu hendibreki haishiki. Kila mtaa wa Bujumbura unalo, na Buyenzi ndiyo mama wa magari hayo, maana ndipo yanapofufuliwa. Pita barabara zetu asubuhi, utakuta boneti zimefunguliwa mpaka unashindwa kupita kwa miguu. Mafundi wetu ni hodari, hilo hakuna anayebisha. Lakini uhodari wa fundi umetufanya sisi wenye magari kuwa wavivu wa kufikiri.

Barazani baada ya Alasiri utasikia makundi mawili. La kwanza linasema: "Gari la zamani halifi, chuma cha zamani si cha sasa, tengeneza tu." La pili linasema: "Likifika miaka kumi na tano tupa, unatuaibisha mbele ya watu." Mimi nasema WOTE WAWILI WAMEKOSEA. Wa kwanza anaongea kwa mapenzi, wa pili anaongea kwa kiburi, na hakuna hata mmoja aliyefungua daftari.

Msidhani natoa mawaidha kwa wengine. Katika kesi hii mimi ni shahidi na mshitakiwa pia. Nilikuwa na Corolla kuukuu, nikaipenda kama mtoto. Ndani ya mwaka mmoja nilibadilisha rejeta, nikafuata gasketi ya silinda hedi, kisha giaboksi. Kila mara fundi aliniambia: "Mzee, tukimaliza hii, gari ni jipya." Nami niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Wiki ile niliyolipa giaboksi, binti yangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ada haijalipwa. Mama yake aliniambia maneno machache tu: "Baba watoto, hilo gari nalo linasoma shule gani?" Nilikasirika. Nilikasirika kwa kuwa sikuwa na jibu.

Halafu likaja lililonifumbua macho. Tulikwenda mazishi ya ndugu upande wa Gitega, gari limejaa, mama yangu mzazi kakaa nyuma na watoto. Kurudi, mnajua wenyewe mteremko wa Bugarama. Bugarama iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Bujumbura iko chini ya mita 800, na unashuka kote huko kwa mwendo usiofika hata kilomita 40, kona juu ya kona, malori mbele, vijana wa baiskeli wakikupita na mizigo ya ndizi. Katikati ya mteremko pedeli ya breki ikaanza kulainika. Nikakanyaga, ikazama. Nikakanyaga tena, ikafika chini. Nikarudisha gia ya pili, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, nikaingiza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima mpaka likasimama. Kimya. Mama yangu akasema kwa sauti ndogo: "Mwanangu, umetupakia kwenye jeneza."

Msinambie ni bahati mbaya. Fundi alinieleza mwezi mmoja kabla: mafuta ya breki yamezeeka, na mipira yake imepasuka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na yakishanyonya unyevu huchemka kwa joto dogo zaidi. Ukishuka mlima mrefu mguu ukiwa kwenye pedeli, breki zinapata moto, mafuta yanachemka, yanatoa mapovu, na mapovu hayasukumi kitu. Fundi alisema kweli. Mimi nilimjibu: "Subiri kwanza, pesa imeishia kwenye giaboksi, breki bado zinashika."

Hapo ndipo penye hatari ya gari bovu, ndugu zangu, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii. Gari lililochoka linakula pesa mahali linapokusimamisha. Mahali linapoweza kukuua linakaa kimya. Injini ikikataa kuwaka utalipa leo leo, kwa sababu huna la kufanya. Lakini breki zikipungua nguvu, tairi likiwa kipara, boljointi ikiwa imelegea, gari bado linatembea, basi unasema "mwezi ujao". Na mwezi ujao injini inadai tena. Mwenye gari la namna hiyo haendeshi gari, anaendesha deni, na amana aliyopakia ni roho za watu.

Sasa tuzijibu hoja za barazani, moja baada ya nyingine.

HOJA YA KWANZA: "Nimeshatumia pesa nyingi, siwezi kuliacha sasa." Pesa iliyokwenda imekwenda. Haitarudi ukitengeneza, haitarudi ukiuza. Swali la leo ni moja tu: pesa NITAKAYOTOA KESHO itaninunulia miezi mingapi ya safari za salama? Ukianza hesabu kwa kusema "nilishaweka giaboksi", tayari umekosea hesabu. Ni sawa na mtu anayemalizia chakula kilichochacha kwa sababu alikinunua ghali.

HOJA YA PILI: "Matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gari, uza." Hii inasikika kama hekima, nami niliiamini muda mrefu. Lakini ni nusu ya hesabu, maana inasahau kwamba gari utakalonunua nalo si la bure. Tuchukue mfano wa darasani, si bei za soko. Gari lako likiuzwa lilivyo litaleta milioni 8. Ukilitengeneza kwa milioni 3 utalitumia miaka miwili, huduma ya kawaida milioni 1 kila mwaka, na mwishoni utaliuza milioni 6. Umepoteza 3, na 2, na 2 ya kushuka bei. Jumla ni milioni 7 kwa miaka miwili, yaani milioni 3 na nusu kwa mwaka. Gari jingine la mtumba ni milioni 30. Weka milioni 2 za kulianza, maana lazima ubadilishe mafuta, mikanda na huenda matairi. Weka nusu milioni ya huduma kila mwaka kwa miaka sita, yaani 3. Mwishoni uliuze milioni 12. Gharama ni milioni 23 kwa miaka sita, karibu milioni 3 na laki 8 kwa mwaka. Mmeona? Hapo kutengeneza kumeshinda kidogo, na hukulazimika kutafuta pesa nyingi kwa mkupuo.

Lakini mfano huo umesimama juu ya neno moja: MIAKA MIWILI. Kama matengenezo ya milioni 3 yanashika miezi sita tu, kisha yanadai mengine kama hayo, basi katika miaka miwili utatoa milioni 12 za matengenezo, na 2 za huduma, na 2 za kushuka bei. Milioni 16! Yaani milioni 8 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya gari jingine. Kwa hiyo usimuulize fundi "bei gani?" peke yake. Muulize: "Hii itashika muda gani, na baada ya hii ni nini kinachofuata?" Fundi mkweli atakujibu. Asiyekujibu, tafuta wa pili alikague kabla hujatoa hata faranga moja.

HOJA YA TATU: "Gari la zamani lina matatizo mengi, liondoe tu." Matatizo hayalingani. Pedi za breki, matairi, betri, shokamzoba, plagi, mkanda wa taiming ambao kwenye injini nyingi hutakiwa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000, hivi ni vitu vya kuisha. Vitaisha pia kwenye gari utakalonunua, na huenda aliyekuuzia amekuuzia kwa sababu vilikuwa vimekaribia. Kuuza gari zuri kwa sababu ya vitu hivyo ni kukimbia mvua na kuingia mtoni. Lakini kuna maradhi ya mifupa. Chasisi iliyoliwa na kutu hasa pale spring na mikono ya matairi inaposhikilia. Injini inayochemka tena baada ya gasketi kubadilishwa, mafuta yake yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Injini inayotoa moshi wa buluu na kunywa oili kila wiki. Giaboksi iliyofunguliwa mara mbili. Hapo, ndugu yangu, unazika pesa. Na mkinunua mtumba, ingieni chini mtazame kutu kwa macho yenu, maana kuna magari yaliyotembea kwenye barabara za theluji zinazonyunyiziwa chumvi, juu yanang'aa na chini ni biskuti.

HOJA YA NNE: "Watu watasemaje?" Hii ndiyo inayotuangamiza upande wa pili. Kuna mtu gari lake ni zima kabisa, halijamwangusha hata siku moja, lakini jirani kaleta jipya, harusi inakaribia, basi anakimbilia mkopo wa riba ili abadilishe. Riba hukumu yake mnaijua, sina haja ya kuirudia. Ninalosema ni kwamba gari linashuka bei kila siku na deni halishuki. Watu unaowaogopa hawatakuja kulipa hata mwezi mmoja. Gari kuukuu lenye breki nzima lina heshima kuliko jipya linalokunyima usingizi.

Na msisahau mafuta. Mwaka 2024 tulilala kwenye foleni za vituo, kila mtu anajua alichokiona. Gari linalokunywa kuliko wenzake limekuwa mzigo mara mbili, bei na muda wa kuyatafuta. Hilo nalo liandikwe daftarini.

Sasa nije kwenye jambo zito kuliko yote. Umeamua kuliacha. UTAMUUZIA NANI, NA UTAMWAMBIA NINI? Hapa nimewaona watu wa safu ya mbele msikitini wakifanya maajabu. Oili nzito inamiminwa ili moshi usionekane kwa siku mbili. Taa ya hatari kwenye dashibodi inachomolewa. Kutu inapakwa rangi nyeusi. Mnunuzi ni kijana aliyekusanya miaka mitatu ili afanye teksi. Mnakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) aliyeingiza mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, na alivyomkemea mwenye mali kwa kuficha. Gari lako ni rundo lile lile. Ukiuza breki zilizokwisha kwa kunyamaza, kisha kijana yule akashuka Bugarama na abiria wanne, utasema wewe humo? Aibu ya bei ndogo ni ya siku moja.

Mimi nilifanya hivi. Nilipofika nyumbani nilichukua daftari la shule la mtoto, nikaandika kila nilichotoa mwaka ule. Ukurasa haukutosha. Fundi wangu yule yule, Mungu ambariki, akaniambia chasisi pia imeanza kuoza. Nikaliuza kwa vipuri, kipande kwa kipande, kila mnunuzi nikimweleza kizima na kibovu. Tulikaa mwaka mmoja na zaidi bila gari. Mwaka 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilipigwa marufuku katikati ya jiji, kwa hiyo najua si rahisi, tulisukumana kwenye mabasi na mama yangu nilimkodia teksi siku za hospitali. Pamoja na teksi zote hizo, daftari lilionyesha nimetumia kidogo kuliko mwaka wa garaji. Ada ililipwa mapema. Zilizobaki tuliweka kwenye mchezo wa kupeana zamu, ule wengine wanaouita likelemba, mpaka tukapata gari jingine, nalo si jipya, bila riba ya mtu.

Basi mwenye gari usiku wa leo afanye mambo matatu. Aandike alichotoa kwa miezi kumi na miwili. Alipeleke kwa fundi asiyemjua likaguliwe breki, stelingi, matairi na chasisi, kabla ya injini. Na amuulize mkewe, maana yeye anajua ni kitu gani nyumbani kilikosekana gari lilipokula. Nanyi wanafunzi, msaidieni baba kujumlisha, kwa adabu, msimcheke.

Ikiwa daftari linasema tengeneza, tengeneza na uanze na breki. Ikiwa linasema acha, acha, na useme ukweli kwa anayenunua. Mama yangu bado yupo, alhamdulillah, na kila tukiingia kwenye gari bado ananiuliza kama breki zimetazamwa. Simkasirikii tena. Namjibu: "Ndiyo mama, jana."

Wabillahi tawfiq.