Dawa Inayofika Bila Nguvu

Husemwa mara nyingi kwamba vijiji vyetu vinakosa dawa. Sisi twaona kwamba neno hilo ni nusu tu ya ukweli. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua huua makumi ya maelfu ya akina mama kila mwaka duniani. Nayo dawa ya kuizuia damu hiyo, oksitosini, Vincent du Vigneaud aliitengeneza katika maabara mwaka 1953, hata akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Dawa ipo tangu siku za babu zenu. Kigumu ni kuifikisha mwilini ikiwa ingali na nguvu.

Oksitosini yataka baridi ya digrii 2 hadi 8. Ikisafirishwa kwa baiskeli juani, au ikilala katika frigo isiyo na umeme, nguvu zake hupungua, na chupa haionyeshi lolote: maji ni yaleyale, maangavu. Mkunga huichoma kwa imani, damu isikatike. Kisha jamaa hutafuta mchawi! Mchawi ni joto.

Basi kuna wataalamu walioacha kutafuta dawa yenye nguvu zaidi, wakatafuta ile inayovumilia safari. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika kwa wanawake karibu 30.000 katika nchi 10: karbetosini isiyoogopa joto haikuwa nyuma ya oksitosini katika kuzuia upotevu wa damu wa mililita 500 au zaidi. Hiyo hukaa miaka 3 katika joto la digrii 30. Huko Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash walishika njia nyingine, ya kuigeuza oksitosini kuwa unga mwembamba wa kuvutwa kwa pumzi, bila sindano.

Wako wavulana watakaosema kwamba haya ni mambo ya akina mama. Nani kati yao hakuzaliwa? Twatamani wanaosoma kemia na ufundi wa umeme miongoni mwenu wayashike kama kazi yao, maana joto la vijiji vyetu mnalijua kuliko mtu wa Melbourne. Na kabla ya kupata diploma, lipo la kufanya: nendeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, mkamwulize muuguzi kwa heshima kama frigo yake iliwaka usiku kucha.