Supu ya matunda makavu haitaki haraka

Katika mapishi yako ya Plümemoos, yaani supu hii ya matunda makavu, unga umewahi mno kuingia sufuriani. Plamu kavu, zabibu, aprikoti na vipande vya tufaha vilowekwe usiku kucha, kisha vichemshwe kwa moto mdogo katika maji yaleyale pamoja na kijiti cha mdalasini. Plamu ikishavimba na ngozi yake kulegea bila kupasuka, koroga vijiko viwili vitatu vya unga wa ngano kwenye krimu baridi mpaka pasibaki hata donge moja. Chota mchuzi wa moto kidogo, uchanganye na huo unga, ndipo umimine sufuriani huku mwiko ukizunguka. Ukimimina moja kwa moja, krimu inakatika. Sukari iwe ya mwisho, baada ya kuonja, maana zabibu zina utamu wake.

Kuhusu asili: Plümemoos ni ya Wamennonite waliohama Prusia kwenda Ukraine kuanzia miaka ya 1780, na tangu 1874 wengi wao wakahamia Kansas na Manitoba. Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934 walitokea Pennsylvania, tawi jingine kabisa. Msishangae basi mkiuliza Musoma, mkoani humo, mkakuta supu hii haijulikani.

Tena si kitindamlo tu. Wamennonite wenye asili hiyo ya Prusia huipenda ikiwa baridi, kando ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, hasa Pasaka na Krismasi. Ijaribuni hivyo kabla ya kuiita uji.