TAHARIRI: USITIE DOLE GUMBA KABLA YA KUSOMEWA



Miezi kumi iliyopita kijana wetu mmoja alikatwa vidole viwili na msumeno kwenye kiwanda cha mbao. Akapewa hela ya pole, akaletewa na karatasi. Akatia dole gumba. Kumbe karatasi inasema hana dai tena. Hakusomewa, na kuuliza aliona haya. Mimi kusoma nimejulia ukubwani, kwenye kisomo cha jioni. Haya hiyo naijua.

Basi tuelewane. Hela ya pole siyo fidia. Fidia ni haki ya sheria. Sheria ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao ukaanza kazi Julai 2015. Anayechanga ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Aliyeumia kazini anatibiwa kwa gharama ya Mfuko. Akiwa hawezi kazi kwa muda, analipwa shilingi 70 kwa kila 100 za mshahara wake, mpaka miezi 24. Akibaki na kilema, daktari anapima: asilimia 30 kushuka chini analipwa kwa mkupuo, ikizidi hapo anapata pensheni kila mwezi. Akifa, waliokuwa wakimtegemea wanalipwa.

Lakini haki haikufuati nyumbani. Ukiumia, mwambie mwajiri siku ile ile, mbele ya shahidi. Yeye anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7. Tunza karatasi za hospitali na za mshahara. Dai lifike kabla ya miezi 12 kwisha.

Kijana wetu amebakiwa na miezi miwili tu. Karatasi ile isimvunje moyo. Aende nayo Mfuko waione. Jumatatu saa 2 asubuhi tukutane ofisini tumwandikie barua. Waliomwona akiumia waje.

Na sisi tujikosoe. Ushirika wetu umeajiri mlinzi na karani wa ghala. Hao ni wafanyakazi, na mwajiri ni sisi. Je, tumejisajili kwenye Mfuko? Nimeuliza, sijajibiwa. Kamati ijibu kwenye mkutano ujao, mbele ya wanachama wote. Tusimlaumu mwenye kiwanda huku mlinzi wetu analala nje bila kinga.

Asiyejua kusoma asione haya. Aje na karatasi yake, atasomewa.

Katibu wa Tawi