Mzee, usinunue mng'aro

KUTOKA COLUMBUS
Na Hemedi Mwinjuma

Simu ikilia saa kumi na mbili asubuhi, sisi wa ughaibuni hujua ni msiba. Nikaipokea kwa mkono unaotetemeka. Kumbe ni mzee wetu mmoja wa Tanga, mstaafu, raia wa hapa tangu mimi niko shule ya msingi.

"Shikamoo mzee, kwema huko?"

"Marahaba. Kwema. Jumamosi nipeleke duka la bastola. Nataka nitoe yangu, niongezee hela, nichukue magnum."

Wasomaji wa Dar mtashtuka, lakini Ohio hapa mzee kwenda kulenga shabaha Jumamosi ni sawa na mzee wa Ngamiani kwenda kucheza bao. Rivolva yake ni Smith & Wesson Model 10 ya kaliba .38 Special. Kiwanda kimetengeneza zaidi ya milioni 6 za ukoo huo, na kwa miongo mingi ndiyo iliyoning'inia kiunoni mwa polisi wa Marekani. Haina mbwembwe na haimsumbui mtu. Nadhani ndiyo sababu alikuwa amemchoka rafiki yake huyo.

Jina magnum lina ulevi ndani yake, tena ulevi wa kweli: limetoka kwenye chupa kubwa ya mvinyo, ile ya lita moja na nusu. Waingereza walilibandika kwenye risasi za bunduki. Wawindaji wa Selous wanaijua vizuri .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912. Kwenye bastola lilikuja 1935, Smith & Wesson na Winchester walipochukua ganda la .38 Special, wakalirefusha kwa milimita 3 na ushee, wakalitia baruti ya nguvu; ndiyo .357 Magnum. Urefu ule shabaha yake ilikuwa usalama: mtu asije akaisukumiza risasi mpya kwenye bastola ya zamani ikampasukia mkononi. Kipenyo cha risasi ni kilekile, sehemu 0.357 ya inchi. "38" ni jina la kurithi tu. Kwa hiyo bastola ya .357 inakula risasi za aina zote mbili, ya .38 inakula ya kwake peke yake. Tofauti iko kwenye kishindo. Presha inayoruhusiwa ndani ya ganda la .357 ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, wakati .38 ya kawaida huishia 17,000. Risasi ya gramu 10 inayotoka kwenye .38 kwa mita 230 hivi kwa sekunde, kwenye .357 hukaribia mita 380.

Nilimuuliza kama hataki ile ya .44 aliyobeba Clint Eastwood kwenye sinema ya 1971. Akacheka hadi akakohoa. Viganja vyake vina baridi yabisi, anajua mpaka wake.

Duka lenyewe sitalitaja, maana nina lawama nalo. Kwanza, Model 10 ya mzee iliwekewa thamani ya karibu nusu ya aliyoinunulia, na muuzaji alitamka bei ile bila hata kuifungua silinda kuitazama. Nilikwisha mwambia mzee kwenye simu: hiyo usiitoe. Mwenye .357 bado ana kazi na .38, na ukiitoa kwa bei ya kutupa, utakuja kununua nyingine kwa bei ya wajanja.

Juu ya kioo wakatuwekea mbili. Ya kwanza ilikuwa Smith & Wesson Model 19, rangi ya buluu nzito, inang'aa mpaka unajiona pua. Ya pili Ruger GP100 ya chuma kisichoshika kutu, imekwaruzwa ubavuni, na mdomo wa mtutu umelika kwa kuingizwa na kutolewa kwenye ala. Ya tatu, Colt Python, ilikuwa peke yake kwenye kabati lenye taa. Bei yake sikuiuliza. Python ilitoka 1955, ni bastola nzuri sana, lakini tangu ilipoonekana mkononi mwa yule naibu sherifu wa The Walking Dead mwaka 2010 watu wananunua tamthilia. Na fundi wa kuirekebisha ile ya zamani ni wa kutafutwa kwa tochi.

Mzee akaichukua Model 19 moja kwa moja. Sikumlaumu. Bastola hiyo nayo ni ya 1955; Bill Jordan wa polisi wa mpakani ndiye aliyewashawishi Smith & Wesson watie nguvu ya magnum ndani ya mwili mdogo wa .38, ili askari asilemewe kiunoni kutwa nzima. Fikra ilikuwa njema: fanya mazoezi kwa .38, beba magnum kwa siku ya shida. Ilipofika miaka ambayo idara za polisi zilianza kuwataka askari wafanyie mazoezi risasi zilezile wanazobeba, mwili ule mdogo ukaanza kulalamika. Pale risasi inapotoka kwenye silinda kuingia mtutuni, chuma cha chini kimechongwa bapa ili silinda ipate pa kufungia. Ndipo penye wembamba, na ndipo ufa huanzia, hasa kwa risasi nyepesi za gramu 8 zenye moto mkali. Mtutu ukipasuka hapo, wa kubadilisha haupatikani kirahisi. Smith & Wesson wenyewe walilielewa tatizo; mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaja na mwili mkubwa kidogo, wa 586 na 686.

Sasa, namna ya kukagua. Mtu wa Dar hanunui gari lililotoka Japani bila fundi, hata kama bodi inameremeta. Rivolva ni rahisi kuliko gari, kwa sababu mambo yake karibu yote yako nje. Omba ruhusa kwanza. Fungua silinda, hakikisha ni tupu, mwonyeshe na muuzaji. Kisha ivute nyundo kwa kidole gumba polepole, polepole kama unayefungua mlango usiku watoto wamelala, huku kidole cha mkono mwingine kikiigusa silinda kuizuia kidogo. Silinda lazima ijifunge mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho. Fanya hivyo kwa vyumba vyote sita. Watu hupima kimoja, wakaridhika.

Model 19 ile vyumba vitano vilijifunga. Cha sita kikachelewa, nyundo imeshasimama na silinda bado haijafika. Nikarudia, ikawa vilevile.

"Za zamani zote ndivyo zilivyo," akasema muuzaji.

Si kweli, na hiyo ndiyo lawama yangu ya pili. Chumba kikichelewa, risasi huingia mtutuni kwa upande, ikanyolewa, na vipande vya risasi vikaruka pembeni kwa jirani yako kiwanjani. Kwenye .38 ni ubovu wa kurekebisha. Kwenye magnum siwezi kukaa karibu nawe.

Kisha nikatazama skrubu. Vichwa vimetafunwa. Hapo nikajua mtu alikwisha ifungua jikoni kwake kwa bisibisi ya kwenye kisanduku cha cherehani. Nyundo nikaivuta mpaka ikasimama, nikaisukuma kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio, huku mkono mwingine nimeuweka tayari kuishika, ikajiachia. Mtu aliitaka nyepesi, akasaga chuma kupita kiasi. Sikuendelea.

Ruger sasa. Ilitoka 1985, na aliyeiumba hakuwa na haraka ya kupendeza. Fremu yake ni nzima pande zote mbili, haina kifuniko cha ubavuni, na silinda hujifunga mbele kwenye mkono wake na nyuma pia. Vyumba sita vikajifunga vyote. Nikakishikilia kifyatulio nyuma, nikaitikisa silinda kulia na kushoto, mbele na nyuma: uchezaji mdogo tu, wa haki. Nilikuwa nimebeba vile vibati vyembamba ambavyo mafundi wa magari hupimia tapeti. Kati ya silinda na mtutu cha milimita 0.15 kiliingia kwa kubana. Kingeingia cha 0.25 ningemrudishia muuzaji bastola yake. Mlango wa mtutu nikaumulika kwa tochi ya simu: masizi, ufa hakuna. Kwenye fremu juu ya mtutu kulikuwa na mstari mdogo ulioliwa na moto wa baruti. Huo huchimba kidogo kisha ukaacha, usikutishe. Ndani ya vyumba palikuwa na pete za masizi, dalili kwamba mwenyewe alikuwa akipiga .38 nyingi. Brashi na mafuta ni kazi ya nusu saa.

Na ile mikwaruzo? Mdomo uliolika kwa ala maana yake ilibebwa sana; skrubu safi na silinda iliyokaza maana yake ilifyatuliwa kidogo. Ndiyo hali ya bastola nyingi za polisi na walinzi. Ni gari la bosi lililokwaruzwa getini, injini haijaguswa. Uzito wake kilo 1 na gramu 130 hivi, zaidi ya Model 19 kwa gramu kama mia, na gramu hizo zinaipunguzia teke ambalo viganja vya mzee vingelipokea. Tena ilikuwa rahisi kuliko ile ya buluu!

Neno kwa vijana mnaonisoma mkiwa hapa kwa viza ya masomo au ya kazi: sheria ya Marekani humkataza mwenye viza ya muda kumiliki silaha, isipokuwa kwa vifungu vichache kama leseni ya uwindaji. Na usimwombe binamu mwenye green card akununulie kwa jina lake. Ni kosa la jinai kwenu nyote wawili. Mzee alijaza fomu ya 4473, jina lake likapita kwenye ukaguzi wa FBI, akasubiri kwenye kiti akilalamikia baridi.

Hakuwa ameniafiki mara moja. Aliirudia ile ya buluu mara tatu, akaipangusa kwa shati. Mwishowe akachukua Ruger na sanduku dogo la chuma lenye kufuli, kwa ajili ya wajukuu. Model 10 yake tulirudi nayo nyumbani. Risasi alinunua maboksi mawili, na yote mawili yalikuwa ya .38.